Kabla Hujalipa Ada ya Shule ya Nje ya Mji, Panda Gari Lake

Wazazi wengi wa Mtwara mjini wanapolinganisha shule binafsi za pembezoni, ziwe za upande wa Mikindani au wa Naliendele, huuliza ada, ufaulu na lugha ya kufundishia, kisha suala la usafiri wakalimaliza kwa kuambiwa kwamba gari la shule lipo. Binti yangu anasoma upande wa Naliendele tangu darasa la kwanza, nasi tunaishi Chikongola, na kwa uzoefu huo nathubutu kusema kwamba jambo la kuchunguza kabla ya mengine yote ni muda anaotumia mtoto kutoka mlango wa nyumba hadi mlango wa darasa. Kilomita hazikuambii kitu.

Kutoka mjini hadi Naliendele ni kilomita kumi hivi za lami, na mwenye pikipiki anafika kabla hajachoka kukaa. Gari la shule halina mwendo huo. Linaanzia Shangani, linapita Ligula, linaingia Magomeni, linapiga honi mbele ya geti ambalo mtoto bado anavalishwa soksi, na mtoto aliyepandishwa wa kwanza anaweza kukaa kitini zaidi ya saa nzima kwa safari hiyo fupi. Kwa hiyo muulize mhusika wa usafiri nyumba yako itakuwa ya ngapi katika mzunguko wa asubuhi, na ya ngapi katika mzunguko wa jioni, kwa sababu ziko shule ambazo anayechukuliwa wa kwanza ndiye anayeshushwa wa mwisho, akaumia mara mbili kwa siku moja. Wazazi wa mtaa wetu tuliomba mzunguko ugeuzwe kila muhula, na baada ya vuta nikuvute kidogo uongozi ulikubali.

Liangalie na jua pia. Mwezi Juni na Julai huku kwetu jua huchomoza yapata saa 12 na nusu asubuhi, hivyo mtoto anayefuatwa saa 12 kasorobo anasubiri gizani, ilhali Novemba saa hizo kunakuwa kumeshapambazuka. Patana na dereva apige simu akiwa nyumba ya jirani inayotangulia, ili mtoto atoke wakati gari linaingia mtaani, asisimamishwe njia panda peke yake.

Baada ya hapo, omba kupanda gari hilo asubuhi moja ya kawaida, si siku ya wazazi kutembelea shule. Mtu wa Mtwara hahitaji kuelezwa sababu: tarehe 26 Julai 2022 gari dogo lililobeba wanafunzi lilitumbukia shimoni eneo la Mjimwema, watoto wakapoteza maisha. Ukiwa ndani, hesabu viti na hesabu vichwa, tazama kama kuna ubao uliopachikwa kati ya viti ili kuongeza nafasi, na uone kama yuko matroni anayewapokea watoto mlangoni na kuwavusha barabara, au kazi hiyo ameachiwa mwanafunzi wa darasa la sita. Shule inayokukatalia kupanda imeshakujibu.

Wapo wanaoona nafuu kukodi bajaji kwa mwezi, wazazi watatu au wanne wakichangiana. Ni mpango mzuri kwa mtoto anayetapika kwenye magari yaliyofungwa, lakini bajaji hufuata fedha, na fedha ya mkoa huu ina msimu wake. Korosho zikianza kuuzwa mwezi Oktoba, abiria wa mjini huongezeka, na dereva aliyekuwa akifika mapema utamsikia akisema, "Mama, leo nimepata mzigo, mtafutie mtoto usafiri mwingine." Andikianeni makubaliano, na mlipe kwa wiki badala ya mwezi mzima. Miezi hiyo hiyo malori ya korosho kutoka Newala na Tandahimba huteremka kwa barabara ya Naliendele kuelekea mjini, kwa hiyo toeni nyongeza ya dakika katika ratiba. Kuhusu bodaboda ya mshikaki, watoto watatu na mabegi yao juu ya pikipiki moja, sina ushauri ila kukataa.

Mvua zikishika, kuanzia Desemba hadi Aprili, tatizo huhama kutoka barabara kuu hadi vichochoro vya ndani, ambako dereva huogopa kunasa na kumshusha mtoto pembezoni mwa lami. Binti yangu huvaa ndara na kubeba viatu ndani ya mfuko wa plastiki, akavivaa garini. Kifungua kinywa nacho kina adabu zake: chai ya maziwa kabla ya mzunguko mrefu ilimtibua tumbo kila mara, tukabadili, sasa hula ndizi mbivu moja na kitumbua, uji akaukuta shuleni.

Swali ambalo wazazi wa watoto wadogo hawaulizi ni la darasa la nne na la saba. Madarasa hayo ya mitihani hubakizwa kwa masomo ya ziada, na gari la jioni huwa limeshaondoka na wadogo zao. Uliza kama kuna safari ya pili, nani anailipia, na inaondoka saa ngapi. Usitegemee bweni kuwa njia ya kutokea, kwa maana tangu Machi 2023 serikali imezuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu. Shule ikisema safari ya pili itapangwa baadaye, omba iandikwe kwenye fomu ya kujiunga pamoja na gharama yake, kisha ndipo uende benki.