Digrii ya kompyuta sayansi mtandaoni ukiwa mtu mzima: anza na hesabu

Nimesoma digrii ya kompyuta sayansi mtandaoni huku nina kazi na familia, na kila anayeniuliza anaanza na swali la chuo gani. Hilo lisikuchukue muda mrefu. Angalia kama chuo kina ithibati inayotambulika kule utakakoitumia digrii, angalia kama unapata digrii kamili na sio cheti cha kozi tu, basi. University of London walianzisha BSc (digrii ya kwanza) kupitia Coursera, jukwaa la kozi za mtandaoni, mwaka 2019, University of the People ipo tangu 2009, hawatozi ada ya masomo ila unalipia maombi na mitihani ya kila kozi. Kama bado una wasiwasi kama utaiweza, pitia kwanza CS50, kozi ya utangulizi ya Harvard, masomo yake ni bure.

Kinachowakwamisha watu wazima ni hesabu, nasema kweli. Hesabu za diskriti: seti, mantiki, uthibitisho, grafu (nukta zilizounganishwa kwa mistari). Mtu kaacha shule zamani, akiiona hiyo kozi anaisogeza mpaka mwisho, halafu anakutana nayo kwenye kozi ya algorithimu, yaani hatua za kutatua tatizo kwa kompyuta, akiwa hana msingi. Ichukue mapema. Tena utaipenda ukiona inavyofanya kazi, mfano una orodha ya majina milioni 1 yamepangwa kwa alfabeti na unatafuta moja, ukianza juu kwenda chini unaweza kuyapitia yote, lakini ukiangalia la katikati ukatupa nusu isiyohusika, ukaangalia katikati ya nusu iliyobaki, ukaendelea hivyo hivyo, hatua 20 zinatosha. Kwa nini 20? Kwa sababu 2 kwa kipeo cha 20 inapita milioni. Hapo logi (logarithimu, yaani kile kipeo chenyewe) umeielewa, hukuikariri.

Jambo lingine ni vidio. Vidio ina utamu wake, mwalimu anaongea vizuri, unatikisa kichwa, unajiona umeelewa. Ifunge, fungua faili tupu, andika ile programu mwenyewe. Mfano mzuri ni pointa, yaani anwani ya kitu kwenye kumbukumbu ya kompyuta, kwenye lugha ya programu ya C: kufuta kipande cha katikati cha orodha ya mnyororo, ambayo kila kipande kinashika anwani ya kinachofuata, ni mistari michache tu, ila ukikifuta kabla hujahifadhi anwani ya kinachofuata, mnyororo wote unaokifuata umepotea. Chukua karatasi, chora maboksi na mishale, futa na uchore upya mpaka mkono uzoee. Hakuna vidio itakayokufanyia hiyo kazi jamani.

Muda: saa moja kila siku kabla wenzako hawajaamka inazidi Jumamosi nzima, maana tatizo la rikashen (fanksheni inayojiita yenyewe) unaliacha limekugomea leo na kesho asubuhi unaliona vingine kabisa. Kozi moja au mbili kwa muhula, usishindane na vijana wasio na majukumu. Mitihani mingi inasimamiwa kwa kamera, kwa hiyo jaribu kamera na intaneti siku moja kabla.

Na kwenye mradi wa mwisho chukua tatizo la kazini kwako, ripoti ile mnayoijaza kwa mkono kila mwezi kwa mfano, hapo unawazidi wengi kwa sababu unamjua atakayeitumia. Weka kila toleo kwenye Git, programu inayotunza matoleo ya kodi yako, tangu siku ya kwanza, na kabla hujaweka asaimenti hadharani soma kanuni za chuo chako kuhusu kuchapisha majibu.