Aliyemwokoa mwenzake mazoezini ni shujaa?

Ndugu, umesema jamaa zako wanamcheka mjomba kwa kuwa medali yake aliipata kwa kumwokoa mwenzake mazoezini, si vitani Somalia. Mimi nimestaafu jeshini, niko Likoni. Waambie Uingereza ina medali ya George Cross tangu 1940, inayolingana na Victoria Cross, medali yao ya juu kabisa ya ushujaa vitani, na hutolewa kwa ushujaa usiofanywa mbele ya adui. Marekani nao wana Soldier's Medal tangu 1926, ya ushujaa nje ya mapigano na adui.

Niliyoyaona mimi ni haya. Tulikuwa makuruta, twaogelea na sare mwilini, siku za bamvua, maji yanatoka kwa kasi. (Wageni wa Mombasa wakiona bahari shwari hudhani imelala. Muulizeni mvuvi.) Mwenzetu misuli ya mguu ikamkaza. Hakupiga kelele, anayezama hana pumzi ya kelele. Kichwa kimelala nyuma, mdomo waingia na kutoka majini, mikono yakandamiza maji kama mtu apandaye ngazi. Tuliokuwa karibu tukadhani anapumzika.

Aliyetambua alikuwa keshamaliza zamu yake, kashika ukingo wa boti. Akauachia. Alijua kutomwendea uso kwa uso, maana anayezama hukupanda kichwani, basi akazungukia nyuma. Lakini jamaa aligeuka, akamkaba shingo, wakazama wote wawili. Kuruka majini hata mlevi huruka. Mimi ushujaa niliuona hapo. Badala ya kupapatika kwenda juu, alijizamisha zaidi kwa makusudi. Anayezama anataka juu tu, ukienda chini anakuachia. Akaachiwa, akaibukia mgongoni kwake, akamshika kidevu na kumvuta chali. Hakushindana na mkondo, aliukatiza kwa upande mpaka boti ikawafikia.

Na mwalimu alikuwepo, boti ipo. Angebaki pale pale hakuna ambaye angemlaumu. Hilo ndilo wanaocheka hawalipimi: vitani kuna amri na kuna risasi zinazokusukuma, yeye hakusukumwa na mtu.

Wetu hakupata medali. Alipata kikombe cha chai ya rangi na karipio la kuondoka botini bila ruhusa, mwalimu anafoka huku mikono yamtetemeka. Mjomba wako alibahatika kuwa na afande aliyekaa chini akaandika ripoti, na mashahidi wakatia sahihi. Habari zetu nyingi ziliishia kwenye soga za kantini.