Swali Ulilonong'ona Usiku

Langoni, Lamu

Mwanangu mpenzi,

Wa alaykum salaam. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara mbili, kisha nikaenda kubandika chai ili nipate pa kuficha uso. Unauliza: mtoto ana miezi minne, mumeo ni yule yule uliyemlilia umpate, mbona akikugusa mwili hauitiki? Umemchoka, au ni huku kunyonyesha?

Kwetu maneno haya yalikuwa ya somo, yule mwanamke anayemfunda mwari, si ya mama. Lakini somo wako hatunaye tena, Mungu amrehemu, na kwenye karatasi aibu hupungua.

Ni kunyonyesha. Kila mtoto anapovuta titi, ubongo wako humwaga prolaktini, homoni inayotengeneza maziwa. Hiyo ikiwa juu, mayai hayapevuki na estrojeni hushuka, ndiyo maana hujaona siku zako. Estrojeni ikishuka, huko chini hukauka na ngozi huwa laini ya kuchubuka, unyumba ukawa kama kukwaruzwa. Nani atatamani kinachomuumiza? Ongeza na kuamka saa nane na saa kumi za usiku, na kutwa nzima kuning'iniwa na kiumbe kisichokuachia hata ukajifunge kanga. Ikifika jioni hutaki kuguswa hata na upepo. Wapo ambao hamu huwazidi wakinyonyesha, nisikudanganye, hatukuumbwa sawa.

Nilipomzaa kakako, nilikaa arobaini yangu, nikakandwa maji ya moto, nikafukizwa udi. Siku ya kutoka, bibi yako mzaa baba akaniambia nisimkaribie mume mpaka mtoto aache ziwa, asije akabemendwa, yaani akadhoofika kwa ajili ya unyumba wetu. Sikubisha. Si kwamba niliamini sana, ilinipa kisingizio. Babako akahamia chumba cha mbele, miezi na miezi, akidhani namchukia, nami nikidhani nina kasoro. Hakuna aliyefungua mdomo. (Usimwambie kama nimekuandikia haya.) Miaka mingi baadaye muuguzi mmoja ndiye aliyenieleza kuwa tendo la ndoa haliharibu maziwa wala halimdhoofishi mtoto. Kinachomdhoofisha mtoto ni njaa na maradhi, na mama kushika mimba nyingine upesi akamwachisha kabla ya wakati.

Kwa hiyo mwambie mumeo, tena leo, mchana, si kitandani. Mwambie ni maziwa. Mwanamume akikosa sababu hujitungia yake, na aghalabu huwa mbaya kuliko ya kweli.

Duka la dawa hapo Malindi uliza kilainishi cha maji, cha kupaka huko chini. Kisikutie haya, huuzwa kama panadol. Mnyonyeshe mtoto kwanza, ashibe alale. Maziwa yakichuruzika katikati ya mambo usishtuke: homoni inayoyasukuma kwa mtoto, oksitosini, ndiyo hiyo hiyo inayotoka mwanamke akifika kileleni. Weka taulo, mcheke. Ikiwa maumivu hayaishi, au mshono unakuvuta, nenda kliniki wakutazame. Na kama hata mtoto humfurahii, unalia bila sababu, hilo ni jambo jingine. Usingoje hata wiki.

Mimba pia usiipuuze. Maziwa hukinga vizuri katika miezi 6 ya mwanzo, iwapo mtoto hapewi kitu kingine ila ziwa, usiku na mchana, nawe hujaona damu. Moja ya hayo likivunjika, tafuta njia nyingine, na mwambie muuguzi unanyonyesha akupe inayokufaa.

Akianza uji na kunyonya kukapungua, ukavu utaanza kukuachia. Mimi mwili wangu ulirudia hali yake kabla sijamwachisha kakako; shangazi yako ilimbidi angoje hadi mwisho.

Jumamosi nakutumia kichupa cha mafuta ya nazi na jirani anayekuja huko. Hayo ni ya kumkanda mtoto. Kama mnatumia kondomu msiyaguse, mafuta huzipasua.

Mamako