Kabla hujaziweka, uliza zitatokaje

Ndugu yetu wa Mtopanga, Mombasa, anataka kuanza kucheza kasino za mtandaoni. Anauliza aweke pesa kwa M-Pesa, kadi ya benki au USDT (sarafu ya kidijitali yenye thamani ya dola), na ipi inatoa upesi. Mimi nacheza tangu 2018. Nimekula, nimeliwa (zaidi nimeliwa), basi nitasema yaliyonipata.

Kuingiza pesa si kazi, njia zote zitakupokea kabla hujameza mate. Njia utaijua siku ya kutoa.

Mwaka 2024 laini yangu ilikuwa na deni la Fuliza (ule mkopo wa M-Pesa), kila senti ikiingia inamezwa. Nikajifanya mjanja: nikachukua simu ya mama watoto, nikaweka 1,500 kwa laini yake, na akaunti ya kasino iko kwa jina langu. Usiku ule ndege ya mchezo (dau huongezeka kadiri inavyopaa) ikapaa kama haina pa kutua, nikajikuta na 18,400. Nikabonyeza kutoa. "Ombi lako linashughulikiwa." Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikawapigia, wakaniambia jina la aliyeweka si la mwenye akaunti, kwa hivyo nilete picha ya kitambulisho cha mwenye laini, na yeye mwenyewe awe amekishika mkononi.

Sasa nimwambie nini mwanamke wa watu, na ile 1,500 ilikuwa ya gesi? Nilikaa Mwembe Tayari na kikombe cha kahawa mpaka kikapoa, natunga uongo, kila mmoja una tundu. Mwisho nikasema kweli. Picha ikapigwa, kwa uso ule ule mnaoujua. Siku ya tisa pesa zikatoka, zikarudi zilikotoka: kwenye laini yake. Sijaona hata shilingi.

Kwa hivyo mimi nasema M-Pesa, lakini laini yako, iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako, jina lile lile uliloandika kwenye akaunti. Kabla hujatia PIN soma jina linalokuja kwenye simu. Likiwa la mtu binafsi, au wakikwambia tuma kwa nambari ya "wakala wetu" wa Telegram, toka hapo mbio.

Na ujue makato. Tangu Julai 2025 ushuru hapa Kenya ni asilimia 5 ya unachoweka, na asilimia 5 nyingine ya unachotoa. Weka 1,000, ubaki na 950. Ukizitoa hizo hizo bila kucheza, utapata 902 na senti hamsini. Kabla ya ada ya wakala wa M-Pesa, ambaye kwa kutoa hata 200 anakukata 29. Ndiyo maana kuweka na kutoa vijisenti mara kumi kwa siku ni kumpa mtoza ushuru mchezo.

Kadi sikuipenda. Kasino nyingi za nje huhesabu kwa dola, benki inakubadilishia kwa bei yake ukiingia, na kwa bei yake tena ukitoka. Kisha kuna kadi zinazolipa tu, hazipokei, utaambiwa utafute njia nyingine ya kutolea.

USDT inatoka haraka, hilo sikatai. Lakini jamaa yangu wa Kisauni alituma kwa mtandao wa BEP20 kumbe anwani aliyopewa ni ya mtandao mwingine, ERC20, na hela hajaziona hadi leo. Huko hakuna wa kumpigia simu akurudishie muamala. Na kasino inayopokea USDT peke yake aghalabu haina leseni ya Kenya, wakikuzungusha utamshitaki nani?

Hata leseni nayo si ya kulalia. Julai 2019 serikali iliamuru Paybill (nambari za kulipia kwa M-Pesa) za kampuni 27 za kamari zifungwe, leseni zao zilikuwa hazijahuishwa kwa ajili ya mvutano wa kodi. Nilikuwa na 3,000 kwa mojawapo. Naziona kwenye kioo, hazitoki. Tangu siku hiyo salio langu halilali kasinoni.

Wewe anza hivi: weka 200, cheza kidogo, kisha omba kutoa zilizobaki, hata kama ni 120. Wengine wana kiwango cha chini cha kutoa ambacho hawakuoneshi ukiweka. Uhesabu saa mpaka ujumbe wa M-Pesa uingie. Ukipita usiku mzima kimya, taja hapa ni kasino gani, nitakwambia kama nimewahi kutoa kwao.