Mantra za Veda zina nguvu bado? Jibu langu kutoka Pune

Mpwa wangu ameuliza kwenye kundi la familia, nanyi wengine mkadakia: hizi mantra za kale za Veda, yaani maneno matakatifu ya kukariri kutoka maandiko ya kale ya Wahindu, zinamfaa mtu wa leo? Kumbe kuna jamaa hapo Dar anamuuzia rekodi za mantra za kufaulu mitihani. Haya, mjomba wenu wa India anajibu.

Huku Gayatri naisikia duka la dawa, naisikia ndani ya bajaji, na jirani ana kiboksi cha umeme kinachoiimba usiku kucha. Ni ubeti wa Rigveda, mkusanyiko wa tenzi 1,028 zilizokaa vichwani mwa watu karne nyingi kabla ya kuandikwa. Mkimjua mtoto wa chuoni anavyohifadhi juzuu mbele ya maalimu, nusu mmeshaelewa. Nusu iliyobaki inatisha: mwanafunzi husoma neno la kwanza na la pili, kisha la pili na la kwanza, halafu la kwanza mpaka la tatu, arudi kinyumenyume, aende mbele tena, na hivyo hivyo mpaka mwisho, ili silabi isipotee. UNESCO iliutambua usomaji huo mwaka 2003.

Ndiyo maana wasomaji wenyewe wakisema sauti ina nguvu, wanaweka masharti. Wanasimulia habari za Tvashtri, mungu fundi, aliyefanya kafara apate mwana wa kumuua Indra, mfalme wa miungu. Silabi alizitamka zote sawasawa, ila akapandisha sauti pasipostahili. Maana ikapinduka, kumuua Indra ikawa kuuawa na Indra, na kweli Indra akamuua mwana. Sasa huyo muuza rekodi wenu, sauti kajifunza kupandisha kwa nani?

Upande wa mwili, lipo jambo. Mwaka 2001 mtafiti Luciano Bernardi na wenzake walipima watu 23 wakisoma "Om mani padme hum", ambayo kusema kweli ni ya Wabudha, na pia rozari kwa Kilatini. Kote kuwili pumzi ilishuka hadi kama sita kwa dakika, na mwili ukaurekebisha msukumo wa damu vizuri zaidi. Basi bibi yenu wa Moshi na rozari yake anaipata faida hiyo bila kulipa mtu.

Jirani yangu mhandisi huhesabu mantra kwa shanga zake 108 kila alfajiri. Nilimuuliza anapata nini. "Natulia," akasema, kisha akaondoka kwenda kuhangaikia mkopo wa nyumba kama sisi sote.

Najua huko mnadhani aliyeko India ana siri za dawa na maajabu. Jamani, kuna mji wa Kota, huko Rajasthan, unaoishi kwa tuisheni: vijana kutoka kila pembe wanakwenda kukesha na vitabu wapate kuingia vyuo vya udaktari na uhandisi, na wazazi wao, wenye Gayatri nyumbani, wanalipa hadi wanakopa. Mpwa, hela ya rekodi tafutia mitihani ya miaka iliyopita. Ukiikosa hapo mjini, niambie mada zinazokusumbua, Jumapili tutazipitia kwa simu.