Maswali ya Wasomaji: Simu ya Marehemu na Akaunti Zake

SWALI: Mume wangu ametangulia mbele ya haki na simu yake ninayo mimi. Namba ya siri ya fedha za simu naijua, na shemeji ananihimiza tuzitoe kabla laini haijafungwa. Humo zimo pia picha za wanetu. Nifanye nini, na mimi mwenyewe nijiandaeje?
Mama wa watoto watatu, Ngamiani, Tanga

JIBU: Pole sana, dada yetu; Mwenyezi Mungu amrehemu marehemu. Fedha hizo msiziguse, hata kama nia yenu ni njema, kwa sababu salio la simu ni mali ya mirathi sawasawa na nyumba au shamba la minazi, na kuijua namba ya siri hakumfanyi mtu kuwa mrithi. Chukueni cheti cha kifo RITA, yaani wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, ukoo ukae upendekeze msimamizi wa mirathi, kisha mfungue shauri Mahakama ya Mwanzo. Msimamizi akishateuliwa ndiye atakayekwenda kwenye kampuni ya simu kudai salio, alipe madeni ya marehemu kwanza, ndipo warithi wapate mafungu yao. Shemeji aelezwe hivyo kwa upole, mbele ya wazee.

Picha hazingoji mahakama. Zinakili sasa, kwani laini ikikaa muda mrefu bila kutumika hufungwa na namba kupewa mteja mwingine, na mara nyingi namba hiyohiyo ndiyo inayopokea tarakimu za kufungulia barua pepe na picha zilizohifadhiwa kwenye akaunti hiyo.

Kwa upande wako, Google tangu mwaka 2013 inakuruhusu kuchagua watu wasiozidi 10 watakaopelekewa data zako iwapo akaunti itakaa kimya kwa miezi 3, 6, 12 au 18. Lifanye hilo mapema, kwa kuwa akaunti binafsi iliyoachwa miaka 2 inaweza kufutwa pamoja na picha zake. Facebook nayo hukuwezesha kuteua mtu wa kuutunza ukurasa wako: ataweza kubadili picha na kuweka tangazo, lakini hatasoma ujumbe wako wa faragha, jambo ambalo naliona ni stara kwa marehemu na kwa walio hai. WhatsApp haina mpango wa namna hiyo, na kwa kawaida akaunti yake hufutwa baada ya siku 120 bila kutumika.

Namba za siri usiziandike ndani ya wasia, maana wasia husomwa mbele ya watu. Andika orodha ya akaunti zako na jina la uliyemteua kwa kila moja, na mhusika umwambie sasa, ili ujumbe wa Google utakapomfikia asiudhanie kuwa ni wa matapeli.