Seva ya kukodi kwa programu ya korosho

Ndugu yangu wa Newala, umeuliza kama programu yenu ya kupokea korosho, ambayo sasa inakaa kwenye kompyuta moja ya ofisi, muihamishie kwenye wingu, na kwa kampuni ipi.

Hamisheni. Wingu ni seva za wenzenu, yaani kompyuta zinazowaka muda wote, zenye umeme na walinzi wake, mnazokodi kwa muda mnaotumia. Faida yenu kubwa ni msimu: Oktoba wakulima wakianza kupanga foleni mnaongeza nguvu ya seva, msimu ukiisha mnapunguza. Mkisahau kupunguza, bili inaendelea kupanda hata kama hakuna anayeitumia seva, tena kwa dola. Nakusihi, wekeni tahadhari ya bajeti, yaani ujumbe wa kuwaonya gharama zikifika kiwango mlichopanga, siku ya kwanza kabisa.

Microsoft wana vituo vya seva Johannesburg tangu 2019, Amazon Cape Town tangu 2020, Google Johannesburg tangu 2024. Chagueni huko kabla ya Ulaya, maana ni karibu zaidi, na kati ya hao mchukueni yule ambaye fundi wenu tayari anamjua. Ila taarifa za wakulima zitatoka nje ya nchi, hivyo someni kwanza Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Kinachonitia wasiwasi hasa ni intaneti. Mei 2024 nyaya za baharini zilikatika, tukahangaika siku kadhaa. Gunia likiwa kwenye mizani halisubiri. Programu ihifadhi uzito kwenye simu ya karani kwanza, halafu itume mtandao ukirudi. Kama haiwezi hilo, msihamie msimu huu.